Teke la Kuku

Wahenga walisema teke la kuku
halimwumizi mwanawe.
Hawakufika Hung Yen,
hawakumwona kuku wa Bi Khuyen,
miguu minene kama kifundo cha mkono wangu,
myekundu, magamba kama ganda la fenesi.

Anayapenda mayai yake. Ndiyo shida.
Kila akigeuka kuyakumbatia, moja linalia ka!
na ute unachuruzika kwenye majani makavu.

Basi Khuyen huyaiba usiku,
yangali na joto la tumbo,
huyapanga mashineni: kumi na moja,
kila moja na tarehe yake kwa penseli.

Siku ya ishirini umeme ukakatika.
Tufani. Labda hadi kesho kutwa.
Mumewe akasema, tuyachemshe tu.

Hakumjibu. Alishusha karai la bibi yake,
akakaanga pumba za mpunga,
akazipima shavuni
(kiganja cha mkulima hudanganya),
akayalaza mayai humo, akayafunika
kwa blanketi la harusi.
Usiku kucha: kaanga, pima, funika.

Alfajiri, kumi kimya.
La kumi na moja linagonga kutoka ndani.

Akatoka amelowa, mnyonge,
miguu tayari imeuzidi mwili.
Akasimama. Akaanguka. Akasimama tena
juu ya kidole cha Khuyen.

Uani mama yake anaita.
Khuyen anachuchumaa kwenye wavu:
"Ngoja akomae mifupa, mwenzangu.
Unampenda mno."