Ukuta Haugeuki

Mimi kofia huihukumu kwa ndani.
Naigeuza, napitisha kidole
pale uzi ulipojificha, pale mvivu alipokata fundo
akidhani kichwa hakina macho.
Miaka thelathini na mitatu hapa Kuze
sijadanganywa na kofia.

Lakini ukuta haugeuki.

Dzombo alikuja Jumanne na mfuko wa simenti
uliojaa elbo, tii, katani,
na msumeno uliochoka meno.
Akachimba mfereji katika mawe ya tumbawe,
chokaa ya babu zangu ikamkaa kwenye kope.
Siku ya nne akaita:
"Bi Mwanamkuu, njoo utazame kabla sijaziba."

Mkononi nilikuwa na kofia ya vito, ya bwana harusi,
harusi keshokutwa.
Nikajibu bila kuinuka: "Ziba tu, fundi. Nakuamini."
Uongo. Sikumwamini.
Sikuwa na nafasi.

Alingoja kidogo. Nilimsikia akingoja.
Kisha mwiko ukaanza kukwaruza.

Mwezi wa pili, doa.
Kwanza sarafu, halafu sahani,
halafu sinia la pilau. Rangi ikabanduka kwa magamba.
Usiku nilifunga mifereji yote
nikaweka sikio kwenye plasta
nikasikia tiririko,
au damu yangu mwenyewe, sijui:
ukuta ukiusikiliza kwa hasira
husema unachotaka.

Dzombo akaja, akabandika kiganja pale penye unyevu,
akalamba kidole.
"Haya matamu, Bi. Bomba lako ni la kisima,
maji yake yana munyu. Onja."
Mimi nionje ukuta?
Nikamwambia fundi hakosi ulimi,
nikamkata elfu mbili.
Alizihesabu zilizobaki mara moja tu,
akachukua mfuko wake.

Miaka tisa.
Doa nikalifunika kwa kabati.

Mwaka huu mama hatembei tena,
mlango wa bafu sharti upanuliwe, kiti chake kipite.
Kijana Shaame akashika nyundo.
Jiwe la tatu lilipoanguka akanyamaza,
akaniita, na safari hii nikaenda.

Bomba kavu. Kavu kama mfupa wa pwezi aliyeanikwa,
ningesema, lau pweza angekuwa na mfupa;
nilitafuta neno nikakosa.
Na kila lilipopita kwenye ncha ya tumbawe
lilikuwa limevishwa kitambaa,
lisikwaruzwe: bafta nyeupe,
ile ile yangu, vipande alivyokuwa akiokota sakafuni
nami nikidhani anafutia jasho.
Kimefungwa kwa uzi. Nikageuza fundo kwa kucha.
Ncha zake zimeingizwa ndani,
kama ninavyoziingiza mimi.

Nani alimwambia? Nani angeona?

Nyuma yake, upande wa jirani,
bomba la kiyoyozi likidondoka mgongoni mwa jiwe,
tone, tone, bila haraka.
Nikaonja. Matamu.

Namba yake nimeipiga.
Kapokea mwanamke wa Likoni, hamjui Dzombo yeyote,
ana mtoto analia, samahani.

"Nizibe?" Shaame anauliza.
Namwambia bado, kwanza mama aletwe aone.
Mama anatazama bomba, ananitazama mimi,
anaomba chai.

Elfu mbili zile nakumbuka nilizifanyia nini.
Nilinunua uzi.
Umekwisha zamani. Uko mjini,
juu ya vichwa vya watu.