Wa Mkoa Mwingine

Treni ya kaskazini huondoka saa mbili usiku,
na nusu ya abiria wamebeba bahasha kubwa za kahawia.
Hatuulizani. Bahasha hizo tunazijua:
picha za mapafu, za nyonga, za titi la kushoto.
Mke wangu Nunziata ameilalia yake
kama mtu anayeogopa kuibiwa ugonjwa.

Kwetu Kalabria hospitali ipo.
Imezinduliwa mara tatu, na wakubwa watatu,
utepe ukakatwa, tukapigwa picha, tukala keki.
Mtini umeota katika chumba cha upasuaji.
Kila Agosti Nunziata huenda kuchuma, hupika jamu,
husema, "Angalau kuna kinachozaliwa humo."

Mpaka tunaouvuka hauna kizuizi wala askari.
Bendera ni ileile, kadi ya matibabu ni ileile,
hata mvua iliyopiga dirisha pale Napoli ilikuwa ya wote.
Ila asubuhi, kwenye kaunta ya Bologna,
kijana aligonga vitufe, akasema bila ubaya:
"Ah. Ninyi ni wa mkoa mwingine."
Nikavua kofia.
Mpaka sasa sijui kwa nini nilivua kofia.

Nimepanga kwa mjane anayepokea watu kama sisi:
kitanda, jiko dogo, masharti yamebandikwa mlangoni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Leo ni siku ya kumi na tisa
na jembe lingenifaa sana.
Nimemtengenezea bomba, kitasa, mguu wa meza;
sasa nazunguka nyumba ya watu
nikiomba kitu kiharibike.

Jana daktari mpasuaji aliingia wodini,
akasoma faili, akanyamaza, akainua uso.
"Nunziata," akasema, kwa lafudhi yetu, ile ya mlimani,
"wa pale nyuma ya tanuri?"

Kumbe ni binti wa Saverio wa mikate.
Aliipanda treni hiihii akiwa na miaka kumi na minane,
na bahasha yake ya kahawia: vyeti.

Nunziata akamshika mkono, kalamu ikiwa bado vidoleni.
"Mwanangu, kilomita elfu nzima
kumfuata mtoto wa jirani?"

Daktari hakucheka.
Alifunga faili, akakaa ukingoni mwa kitanda,
akauliza kama ule mtini bado unazaa.