Kofia Nambari Kumi na Tatu

Miaka kumi na mmoja nilikaa benchi
nikimtazama Emőke Tárnok kisogoni.
Nakijua kisogo kile kuliko aliyemzaa:
kovu la ukucha wa Mholanzi chini ya sikio la kushoto,
nywele zilizoota ukijani kwa klorini.
Yeye nambari moja, mimi kumi na tatu.
Walinda lango wawili, kofia mbili nyekundu;
moja kavu.

Alianzia bwawa la maji moto la mji wetu, kando ya Tisza,
pale wazee wanapocheza sataranji maji yakiwafika kifuani.
Alikuwa na miaka tisa. Januari, theluji ikidondokea mvuke,
kocha Dezső alimpa kiti cha chuma:
Kiinue juu ya kichwa, ukanyage maji
mpaka nimalize sigara hii.
Akaimaliza.
Akawasha nyingine.

Watu hudhani tunasimama.
Hakuna anayesimama. Sakafu iko mbali, haituhusu.
Miguu huzunguka kama mchapo ndani ya mayai,
mmoja huku, mwingine kule, saa nzima;
juu ametulia kama aliyekaa kitini kwake,
chini kinu kinasaga.

Na kabla ya mechi refa hukagua kucha.
Mabingwa wa nchi, tumepanga mstari, mikono mbele,
kama watoto wa darasa la kwanza.
Tunavaa vazi juu ya vazi,
maana chini ya maji yapo ya kuchanika,
na refa ana macho ya juu tu.

Halafu Napoli, fainali. Tisa kwa tisa, robo ya tatu.
Mtaliano wa mkono wa kushoto alipiga kombora
likakipata kidole cha pete.
Wakati wa mapumziko akaja ukingoni, akaniletea mkono
kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.
Kidole kilikuwa kimeelekea upande usio wake.
Nikakifunga plasta pamoja na jirani yake.
Nikasema, taratibu: Niingie?

Nakiri. Mate yalinijaa kinywani.

Hakunijibu.
Kocha akauliza toka mbali, Vipi kidole hicho?
Aliniuliza mimi, si yeye.
Nikasema: Kizima.
Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu
au woga wa kulowa.

Zikaja penalti. Ya tano,
alichomoka majini hadi kiunoni,
mkono mbovu mbele, kana kwamba alikuwa nao mmoja tu,
na mpira ukagonga pale pale.
Sauti aliyoitoa, uwanja mzima uliiita shangwe,
redio ikaiita shangwe.
Mimi nilijua ni nini.

Mwaka ule sura yake ilikaa kwenye pakiti za maziwa.
Niliyanunua. Niliyanywa.
Medali yangu ina uzito sawa na yake,
niliipima kwenye mizani ya jikoni
usiku mmoja, nyumba imelala.

Bega lilimstaafisha akiwa na thelathini na nne.
Kidole hakikunyooka tena:
pete ya ndoa, ambayo kwetu huvaliwa kulia,
yeye huivaa kushoto, na wageni humdhania mjane.

Jana nilipita bwawani kurudisha funguo za mtu.
Nikamkuta upande wa kina kifupi na watoto kumi hivi,
amesimama.
Sikuwahi kumwona akisimama majini,
nyayo chini kama binadamu wengine.
Kitoto cha miaka minne, kirembo, kamasi puani,
kikamrushia mpira wa rangi ya limau,
polepole, ungeweza kuuhesabia pumzi.
Emőke aliutazama ukija.
Akauacha uingie.

Nadhani nilipiga kelele, maana aligeuka.
Kinga, akasema, ingia basi.

Nami nilikuwa na viatu miguuni,
funguo mkononi,
sikubeba hata taulo.