Acha Ukingo

Wakala wangu haoni vizuri.
Picha kubwa ikiletwa mbele yake
hunywea kwanza, kama shati la mtumba kwenye maji ya moto,
ndipo anaitazama. Jani linabaki nukta,
nukta inabaki uvumi.

Kwa hiyo nilimtengenezea kisu.
Nilikesha siku nne, chumba cha kupanga Nkuhungu,
feni ikisukuma vumbi lilelile
kutoka ukuta hadi ukuta.
Kisu hakina mpini wala makali. Kinapokea namba nne:
kushoto, juu, kulia, chini.
Wakala anazitaja, kisu kinakata,
kinamrudishia kipande kilichokuzwa,
naye anasema: sasa naona.

Macho hayana pazia, tuliambiwa.
Ya huyu niliyashonea mimi
nikampa na kamba ya kuvutia.

Picha ya kwanza ya kweli ilitoka Mpunguzi
kwa Sechelela Chilongani, ekari moja na robo ya zabibu,
simu ya kioo kilichopasuka.
Aliandika: Majani yangu yamemwagikiwa unga.
Nipige dawa gani?

Nilikaa pembeni nikitazama kisu kinavyotembea.
Kushoto 1120. Juu 640.
Kikakata anga.
Kikakata kanga iliyoanikwa kwenye waya wa mizabibu,
kikakata mbuzi, kikakata kivuli cha mpiga picha,
kikakata hata kidole gumba kilicholishika jani,
ukucha wake mweusi kwa udongo.
Likabaki jani.
Kikakata tena. Ukabaki weupe.
Ubwiri unga, akasema wakala,
uhakika tisini na nne kwa mia. Piga salfa.

Nilifurahi, sitaficha.
Nilisonga ugali wa uwele, nikaula na mlenda
nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeingiziwa mshahara.

Salfa ni hela. Sechelela alikopa kwa shemeji.
Jumamosi alipiga simu. Hakugomba;
sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu chenji mara ya pili.
Mwanangu, dawa nimepiga.
Juzi yamepita manyunyu, majani yakawa kijani yote,
yaliyopata dawa na yale ambayo dawa iliishia njiani.
Leo mchana weupe umerudi.
Ugonjwa gani huu unaokubali kunawa?

Nikafungua picha nzima,
ile ambayo hakuna aliyeitazama,
si wakala, si mimi.
Juu kulia, nje ya namba zote nne,
lori.
Nyuma ya lori wingu jeupe
limelala juu ya uzio wa minyaa.
Barabara mpya ya kokoto,
hatua thelathini kutoka mzabibu wa kwanza.

Kisu kilikata sawasawa.
Kilichotupwa ndicho kilichokuwa kinaulizwa.

Kwetu Kongwa kuna picha ukutani:
mama amekaa kwenye stuli ya studio,
begani ana mkono. Vidole vinne,
saa ya mkanda wa chuma,
halafu mkasi.
Sikuwahi kuuliza mkono wa nani.
Utotoni nilidhani ndivyo ilivyo,
kwamba kila mama huwa na mkono wa akiba.

Nilimtumia Sechelela hela ya salfa, na ya kutolea.
Kisha nikakifungua kisu, nikaongeza mistari saba.
Kabla ya kukata, mpe wakala picha nzima, hata ikinywea.
Akishakata, mwache arudi.
Na pande zote nne acha ukingo,
sehemu ya kumi,
ya kidole, ya kivuli, ya vumbi lisilohusika.

Jana imekuja nyingine kutoka Mpunguzi.
Jani limeliwa nusu.
Wakala akalikata, akalikuza, akasita,
akarudi kwenye picha nzima,
akaandika:
Sioni mdudu. Kushoto kabisa kuna mbuzi,
na kamba yake haijafungwa popote.