Bana Pumzi

Nesi Morag alinifundisha hivi:
ukiingiza mrija shingoni mwa mtoto,
bana na wewe pumzi yako.
Ukianza kuona kiza, naye anakiona.
Toa.

Saa tisa za usiku, Dundee,
ghorofa ya tatu, mita ya umeme inakaribia sifuri,
mashine inakoroma juu ya stuli
nami nimebana.
Moja. Mbili. Tatu.
Makohozi yanapita kwenye plastiki, mazito kama tui la kwanza.
Nne. Tano.
Natoa.
Tunahema pamoja, Mwanasiti na mimi,
kama wapagazi waliotua gunia moja.

Daktari alinichorea koo lake nyuma ya bahasha:
duara, na ndani ya duara, nukta.
Hapo ndipo penye njia, akasema.
Bahasha ninayo bado. Ilikuwa ya bili ya maji.

Mama hupiga simu kutoka Pangani:
"Mfunge skafu, huko kwenu baridi!"
Namwitikia.
Nitamwelezaje kwamba mjukuu wake
pua yake iko shingoni,
na skafu ni kumfungia mlango?

Hulia bila sauti.
Nimejifunza kuusikia uso wake.

Ila jana, akitafuta kijiko kilichoanguka,
kidevu kikaziba tundu,
na sauti ikaponyoka juu,
nyembamba, ya bawaba isiyotiwa mafuta.
Akashtuka. Akanitazama
kana kwamba ni mimi niliyesema.

Leo kakiangusha kijiko mara kumi na moja.
Nakiokota. Sihesabu tena.