Turbini Mbili za Can Rovellet

Mto Ter haukuacha kupita.
Sisi ndio tulioacha kuupa kazi,
miaka arobaini na saba,
tangu wenye mali walipofunga kiwanda cha nyuzi
na funguo zikapotelea Barcelona.

Tulipokausha mfereji, Februari,
Eudald alitangulia kushuka, tochi mdomoni,
akakuta tope la kifuani,
mikunga wawili, kiatu cha mtoto,
na yale mapacha ya chuma yamegandana na kutu
kama ndugu waliogombana wakalala kitanda kimoja.

Wiki tatu za koleo. Tope halina aibu:
ulitoe leo, kesho limerudi na jamaa zake.
Kisha nyundo, kisha brashi ya waya,
hadi chini ya magamba likajitokeza jina la aliyezisubu
na mwaka, 1896.
Nikavua glavu, nikagusa.

Ekseli haikulala juu ya chuma, ililala juu ya mti:
gogo jeusi la ng'ambo, zito, lisiloelea,
lisilotaka grisi wala mafuta.
Linataka maji tu, tone baada ya tone.
Kibomba chake kiliziba.
Likapasuka.
Fikirini: kufa kwa kiu chini ya mto.

Siku ya kufungulia maji akaja bibi Remei,
na vidole vyake vinane.
Meya akamwambia, tazama uzuri huu.
"Uzuri," akasema, "nimeusikia saa kumi na moja kwa siku
tangu nina miaka kumi na mitatu. Fungueni tu."

Queralt akazungusha gurudumu la lango.
Maji yakasita, mgeni ambaye hajaambiwa karibu,
kisha yakaingia, bega mbele.
Sakafu ikatetema. Balbu moja, pale mlangoni,
ikawa kahawia, ikawa njano, ikawa balbu.
Makofi.

Remei hakupiga. Alifumba macho,
akihesabu kwa kisigino.
"Ya kushoto inachechemea.
Ilichechemea hata siku ile."

Hatukuuliza siku ipi.
Jioni tulifunga lango, tukashuka na taa:
bapa la saba, ufa mwembamba kama unywele,
mkongwe kuliko kazi yetu yote.
Eudald aliuzungushia chaki.
Fundi wa kuchomelea amekuja mara mbili.
Mara mbili tumempa kahawa,
tukamwambia, subiri kidogo.