Sifuri Nukta Saba Moja

Ofisi ya jarida iko ghorofa ya pili, nyuma ya maktaba.
Dirisha moja linaona ziwa, jingine linaona tangi la maji.
Mimi hukaa upande wa tangi.
Kila Januari Profesa Kishosha huniletea kazi ileile:
Ng'washi, tuhesabie. Mwaka huu tumenukuliwa mara ngapi?

Hesabu yenyewe haina fumbo.
Chukua makala za miaka miwili: thelathini na nane.
Tafuta duniani kote nani kazitaja: mara ishirini na saba.
Gawanya.
Sifuri nukta saba moja,
na mkia wa tarakimu usioulizwa na mtu.

Katika hizo ishirini na saba, kumi na moja ni Profesa
akijinukuu mwenyewe, jogoo
awikaye kisha akajiitikia.
Mbili zimetutaja ili zitukosoe. Nazo zimo;
kipimo hakina masikio, hakijui sifa wala tusi.
Moja imetoka chuo cha mbali chenye theluji:
humo Bibi Nyanjura ameandikwa mwanamume.

Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba,
na sado yake ilibonyea kitako kwa ndani.
Alinifunza: usikodolee dagaa, mwanangu, kodolea sado.
Lakini akija mteja mwenye mgonjwa nyumbani
alijaza, akatikisa, akajaza tena,
akamwaga kiganja kimoja juu.
Nyongeza ile haikuwahi kuandikwa daftarini.

Jarida letu ni la usawa wa afya.
Yaani linauliza kwa nini homa ya Capri Point
hupona Jumanne,
na homa hiyohiyo, kisiwani Kome, husubiri kivuko.

Toleo la nne, ukurasa wa thelathini na moja,
kuna jedwali la Nyanjura:
kutoka kila kitongoji hadi ng'ambo, petroli lita ngapi,
mashua ya nani, bei ya mchana, bei ya usiku,
na kina mama wangapi walijifungulia humo mashuani
injini ikiwa kimya, mume yuko mlangoni kwa watu, anakopa.
Manukuu: sifuri.

Juzi simu ikalia. Sauti ya kike, upepo unaikatakata.
Ninyi ndio mnaotoa kile kitabu?
Ndiyo.
Mimi Milembe, muuguzi, zahanati ya huku kisiwani.
Naomba nakala nne za ule ukurasa wa thelathini na moja.
Wetu umekwisha.
Umekwishaje?
Kwa vidole. Tuliubandika mlangoni.
Kamati ikikaa kuchanga petroli, kila mtu anafuata mstari wake,
na mstari wa Nyabusenge sasa ni weupe mtupu,
ila lita kumi na mbili tumezishika kichwani.

Nikafungua faili la hesabu.
Safu ya kwanza, anayenukuu: Milembe.
Ya pili, amenukuu wapi: mlangoni.
Ya tatu, mwaka: nikaandika *kila mwezi*.
Kompyuta ikagoma. Ilitaka tarakimu nne.
Nikafuta yote, safu ya tatu kwanza.

Ripoti imekwenda. Sifuri nukta saba moja.
Profesa amesema mwakani tufike moja kamili,
tualike watu wenye majina,
na zile makala za mashua na petroli tuzipunguze kidogo,
nzuri, Ng'washi, nzuri sana, lakini hazitembei.

Hazitembei.
Leo mchana nimekwenda kwa mtu wa stesheneri pale stendi,
nikatoa nakala, nikazitia plastiki
ili vidole vipate kazi,
nikampa karani wa kivuko bahasha na shilingi elfu moja.
Akaipima kwa mkono, akauliza, barua nene hii, za nani?
Nikamwambia, za mlango.

Ziko tano.
Nne alizoomba, na moja ya nyongeza.